Pandisha Jicho Mstari Mmoja

Walimu wenzake walimwita Karne, na si kwa sababu ya umri, ingawa umri nao ulikuwa umeshaanza kumtafuta magotini. Jina lilitokana na swali lake moja alilomuuliza kila mtu, popote pale: karne ya ngapi? Mwanafunzi akisema zamani, karne ya ngapi. Mwalimu mkuu akikumbuka enzi za nidhamu, karne ya ngapi. Siku moja fundi bomba alimwambia kwamba mabomba ya nyumba yake ni ya kizamani, akaulizwa swali hilohilo, akakusanya spana zake akaondoka akidhani ametukanwa.

Alikuwa amefundisha historia miaka thelathini na mmoja, na kilichomtambulisha kuliko historia yenyewe kilikuwa kinyaa. Hasira ya mtu hupanda ikashuka. Kinyaa cha Karne kilikuwa kimepanga chumba ndani yake na hakikuwa na mpango wa kuhama. Kilimpata mbele ya chaki iliyolowa, mbele ya kitambaa cha ubao kilichogeuka kuwa kama mnyama aliyekufa, na mbele ya vikombe vya chumba cha walimu vyenye alama za midomo ya watu waliokwisha kuhamishwa. Lakini wa kumchefua hasa walikuwa watu wanaolamba kidole ndipo wafunue karatasi. Alikuwa radhi kupokea habari mbaya, mradi tu karatasi yake isiwe na mate.

Baada ya mate, vitini. Vile vijitabu vya kurudufu vinavyouzwa nje ya mageti ya shule, kurasa nane, pini mbili, historia ya dunia nzima ikiwa imekamuliwa kama suruali iliyofuliwa. Maarufu kuliko vyote kiliitwa Istilahi za Zama za Kati. Jaladani kulikuwa na picha ya ngome iliyokatwa kwenye boksi la biskuti, na ukitazama vizuri uliona kipande cha biskuti kikichungulia nyuma ya mnara. Ndani kulikuwa na safu mbili: istilahi kushoto, maana kulia. Hayo Karne aliyajua kwa kusimuliwa, maana hakuwahi kukishika.

Nyumbani aliishi na mtoto wa marehemu mdogo wake, binti wa miaka kumi na saba, mwenye ulimi kama wembe na macho yasiyokosa kitu. Alimwita Mamkubwa. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na meza moja, na meza ndiyo iliyokuwa kila kitu: ya kulia, ya kupigia pasi, na kila jioni, baada ya kufutwa mara mbili (mara ya pili kwa sababu Karne hakuiamini ya kwanza), ikawa chuo kikuu. Hapo ndipo Binti alipojifunza ukabaila kwa vikombe na vijiko, sufuria kubwa ikiwa bwana na vijiko vikimlia kiapo. Hapo alijifunza kwamba mtwana hakuuzwa kama mtumwa, ila shamba likipata bwana mpya naye alienda nalo, kama mti. Kitini hakikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Kikiingia humu, Karne alisema, kitatoka pamoja na aliyekileta.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Miaka miwili kabla, mwalimu mkuu alimwondoa Karne kwenye darasa la mtihani, akampa madarasa ya chini ili, kwa maneno yake, apumzike. Darasa la mtihani akapewa kijana mwenye viatu vya ncha kali, ambaye wanafunzi walimwita Fasta kwa sababu alimaliza miaka elfu moja kwa wiki mbili. Fasta hakuwa na siri yoyote. Alifundisha kwa kitini. Aliingia, akasoma safu ya kushoto, darasa zima likaitikia safu ya kulia, akatoka.

Basi Binti, aliyekuwa kwenye darasa hilohilo, akawa na walimu wawili. Mchana aliitikia pamoja na wenzake bila kusikiliza, akiwa anachora maua pembeni ya daftari. Jioni alisoma.

*

Mtihani wa majaribio uliandaliwa na shule nane kwa pamoja, na walimu wa historia wa shule zote nane walikutana Jumanne kuusahihisha kwenye bwalo la shule ya jirani. Haukuwa mtihani wa mchezo. Aliyepata chini ya arobaini hakusajiliwa kwa mtihani wa mwisho, alirudia mwaka. Orodha ya majina ilikuwa iondoke Alhamisi saa sita mchana.

Bwalo lilinuka sufuria zilizooshwa nusu. Meza zilikuwa na utando wa mafuta wa miaka kadhaa, ukiweka mkono ngozi inabaki nyuma kidogo. Karne alitandika gazeti, juu ya gazeti akatandika leso, juu ya leso ndipo akaweka kiwiko. Wenzake walitazamana. Walishamzoea.

Kazi ilifanyika kama kiwandani: walimu wamekaa mstari mmoja, kila mtu na sehemu yake, karatasi zinapita mkono kwa mkono. Fasta alikaa mwanzo na sehemu ya kwanza, istilahi kumi, alama ishirini. Karne alikuwa wa nne, sehemu ya ramani. Kwa hiyo kila karatasi iliyomfikia ilikuwa imeshapita kwa Fasta, na Fasta alikuwa mlambaji wa vidole. Karne alizifungua karatasi kwa ncha ya kalamu.

Saa nne na kitu Fasta akaanza kucheka. Alipiga meza, akainua karatasi moja juu.

“Jamani, sikilizeni huyu. Eti ukabaila ni mfumo wa bwana kugawa ardhi kwa watu wanaomlia kiapo cha utii. Huyu hajafungua kitini hata siku moja.”

Bwalo likacheka. Mwalimu mmoja akafuta machozi. Karne alisubiri mzaha uishe ili ajue ulikuwa unacheka nini, lakini mzaha haukuisha, ulipita tu mkono kwa mkono hadi ukamfikia. Sehemu ya kwanza ilikuwa na mikasi kumi ya wino mwekundu. Sifuri juu ya ishirini. Na mwandiko ule, wenye herufi g zilizopinda mkia kama kulabu, aliufahamu. Alikuwa ameuona juzi tu, mezani kwake, kwenye orodha ya vitu vya kununua.

Akavuta karatasi iliyofuata. Tauni Kuu: askari wa Kijapani aliyemtumikia bwana wake kwa upanga. Vema. Chama cha mafundi: ugonjwa ulioenezwa na viroboto wa panya ukaua watu wengi. Vema. Khan: safari ya ngamia wabebao chumvi kuvuka jangwa. Vema. Na mwishoni kabisa, istilahi ya kumi, baruti. Mbele ya baruti mwanafunzi huyo alikuwa ameandika namba ya simu. Vema, alama mbili.

Karne aliinuka, akaenda hadi kwa Fasta, akamwomba mwongozo wa kusahihishia. Fasta alimpa bila wasiwasi. Mwongozo ulisema hivyohivyo, namba ya simu na yote. Ulikuwa umenakiliwa kutoka kwenye kitini neno kwa neno, na kwenye kitini kila istilahi ilikuwa imekaa jirani na maana ya mwenzake, kama watu waliovaa viatu vya wageni msibani. Alishika ukingo wa meza, kisha akatazama alichoshika, akauachia.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye tabia ya kufuta jasho kwa tai. Alimsikiliza Karne mpaka mwisho. Akasema anamheshimu sana mama, lakini mwongozo ulizungushwa wiki nzima kwenye shule zote nane, na zote nane zilisaini kwamba zimeusoma. Akafunua jalada na kumwonyesha. Saini ya shule yao ilikuwa ya Karne mwenyewe, mkongwe wa somo.

Aliikumbuka siku hiyo vizuri. Nakala ilimfikia ikiwa na alama ya dole gumba, ya mafuta, katikati ya ukurasa wa kwanza. Aliishika kwa kucha mbili, akasaini mwisho, akaipitisha kwa wa pili. Hakuifungua.

“Niletee chanzo,” Mwenyekiti alisema. “Nani alikosea, na wapi, kwa maandishi. Nitaita jopo Alhamisi asubuhi. Siwezi kubadilisha mwongozo kwa sababu mtu mmoja amechefukwa.”

“Mimi nimechefukwa kabla wewe hujazaliwa, mwanangu. Hiyo si sababu mpya.”

Aliporudi kwenye kiti chake, karatasi ya Binti ilikuwa imeshafika mwisho wa mstari. Jumla, thelathini na nne.

*

Jumatano asubuhi Karne alitoka nyumbani na furaha mbaya. Alijua anakokwenda. Mbele ya geti la shule kulikuwa na duka la kurudufu, upana wake sawa na kitanda, na mwenyewe aliitwa Mashine. Karne alikuwa amelipita duka hilo kila siku kwa miaka akiwa amegeuza uso, na sasa alikuwa na ruhusa rasmi ya kuingia kumtoa mtu roho.

Kioo cha mashine kilikuwa kimejaa alama za vidole hadi kila kilichorudufiwa hapo kilitoka kama kimepigwa na ugonjwa wa ngozi. Stepla ilifungwa kwa kamba isiibiwe. Mashine alikuwa akipanga kurasa za kitini: analamba, anachukua, analamba, anachukua. Karne alimtazama hadi ukurasa wa nane, akamuuliza nani aliandika upuuzi huu.

Mashine hakuudhika. Alisema vitini alivikuta. Duka alirithi kwa bwana aliyekuwapo kabla yake, na bwana yule naye alikuta jalada lenye karatasi ya asili. Kuhusu kilichoandikwa ndani hakuwa na habari.

“Mimi ni mashine, mama. Mashine haisomi.”

“Na namba ya simu?”

Hapo aliona haya kidogo. Alisema pale chini, mbele ya baruti, palikuwa wazi, na pengo lile lilikuwa linamuudhi macho. Akaweka namba ya duka. Wanafunzi wengine hupiga kweli, alisema, hasa karibu na mtihani, kuuliza kama baruti ipo.

Karne akataka kuona jalada. Mashine akainama chini ya kaunta, akatoka na faili la kadibodi lililotafunwa pembe moja, linalonuka mkojo wa panya, na ndani yake karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne. Karne alitoa leso, akaishika kwa leso, akaikunjua. Alikuwa tayari na sentensi ya kwanza ya barua yake kwa jopo. Ilianza na neno uzembe.

Kisha akaiona k.

Katika karatasi nzima, kila herufi k ilikuwa imeruka juu ya mstari, kama mtoto mfupi anayechungulia dirishani. Taipureta moja tu duniani ilichapa hivyo. Ilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya sanduku, imefunikwa shuka.

Alikaa kwenye kigoda cha Mashine bila kukikagua kwanza.

Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa kazi. Alitaka kuwatengenezea wanafunzi wake karatasi ya maana, safu mbili, dunia nzima: Ulaya, Uchina, Wajapani, Wamongolia, misafara ya jangwani. Siku zile ulichapa kwenye stensili, karatasi ya nta inayotobolewa na herufi, ndipo wino upite kwenye matundu, na shuleni ilibaki stensili moja. Alikuwa na mtindo wake wa kuanza na safu ya kulia, maana zote, kwa kuwa ndefu, halafu arudi kushoto kuchapa istilahi. Alikuwa amemaliza kulia wakati mwalimu mkuu wa wakati huo alipochungulia begani kwake. Mkaguzi anakuja kesho, alisema, na orodha ya istilahi za Zama za Kati haina Zama za Kati yenyewe. Iweke ya kwanza.

Akaiweka ya kwanza, kushoto, mstari wa juu. Ukabaila ukashuka wa pili, mtwana wa tatu, wote wakasukumana chini. Safu ya kulia haikushuka, ilikwisha kutobolewa. Alikusudia kubana maana ya Zama za Kati juu kabisa, kwenye ukingo, halafu angechora vishale kuunganisha. Lakini maana yenyewe ilimshinda. Alikaa na taipureta mbele yake, akajiuliza: kati ya nini na nini? Kengele ikalia. Karatasi zikatoka hivyo.

Kwa hiyo aliwaambia wanafunzi kwa mdomo. Istilahi yoyote mnayoitafuta, maana yake iko juu yake. Pandisheni jicho mstari mmoja. Wakaifanya wimbo. Alisema ukabaila, wakapandisha macho darasa zima. Mkaguzi alipoingia akakuta watoto hamsini wanatazama juu kwa pamoja, akadhani wanasali, akavua kofia.

Darasa lile walimaliza, wakaenda zao, wakaenda na wimbo wao. Karatasi ilibaki kabatini. Mtu akairudufu, mwingine akairudufu hiyo, mwingine akaikuza ikajaa kurasa nane, mwingine akaongeza ngome na biskuti. Kilichochapwa kilipita mkono kwa mkono miaka thelathini na mmoja. Kilichosemwa kwa mdomo hakikurudufika.

“Unaijua, mama?” Mashine aliuliza.

Karne alisema ataichukua. Mashine akamwambia aichukue tu, hata akitaka aichane. Yeye ana nakala. Na hilo, kwa Karne, lilikuwa neno la kutisha kuliko yote aliyoyasikia asubuhi ile.

*

Alinawa mikono mara tatu, akaiweka karatasi mezani juu ya gazeti. Binti alikuwa amerudi, habari za sifuri yake alikuwa nazo, uso umevimba lakini mkavu. Akauliza ni nani aliyeandika. Karne akajifanya anatafuta miwani.

Njiani alikuwa ameshapiga hesabu zake. Hakuna aliyejua. Mashine hakujua, Mwenyekiti hakujua, mwalimu mkuu wa wakati ule alikwisha zikwa. Barua ingeweza kusema duka. Ingekuwa barua nzuri, yenye neno uzembe, na Binti angepata alama zake vilevile, na Karne angestaafu mwisho wa mwaka akiwa mtu pekee msafi katika kazi chafu.

Binti aliitazama karatasi. Kisha akainua macho hadi rafu ya jikoni, penye makopo manne yenye vibandiko vilivyochapwa zamani. Akatua kwenye la sukari.

“Mamkubwa. Hii k naifahamu.”

Uso wa Karne ulikuwa wa mtu aliyeuma kitu kilichooza na hana pa kutemea.

Binti hakumcheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alivuta kiti, akaisoma karatasi yote, taratibu, akipandisha jicho bila kufundishwa. Akasema kwamba ni karatasi nzuri, ukiacha hilo. Akasema pia kwamba mtu wa duka alaumiwe kwa alichofanya, namba ya simu, si kwa asichofanya.

“Ukisema duka,” alimalizia, “watakuuliza mbona ulisaini bila kusoma. Ukisema wewe, watakuuliza mbona hukurekebisha miaka yote hii. Chagua swali unalotaka kuulizwa.”

Karne akasema binti wa watu amelelewa vibaya. Binti akasema anamjua aliyemlea.

*

Alhamisi saa tatu jopo lilikaa bwaloni. Karne aliingia bila gazeti wala leso. Alisimama mbele yao na karatasi ya kahawia mkononi, akasema chanzo amekipata, na chanzo ni yeye. Akaeleza stensili, akaeleza safu, akaeleza mkaguzi na kofia yake. Wakacheka hapo. Hakuwakataza. Aliwaambia pia kuhusu saini. Kwamba alipewa mwongozo auhakiki, akaona dole la mafuta, akauacha upite kwa sababu ya usafi wake. Neno usafi alilitamka kama jina la ugonjwa.

Bwalo likaanza kufanya kile ambacho mabwalo hufanya. Mmoja alisema karatasi ni mia nane, nani atazirudia mpaka saa sita. Mwingine akasema wanafunzi hawana kosa, walijifunza walichofundishwa. Fasta, aliyekuwa ametulia kuliko siku zote na viatu vyake amevificha chini ya kiti, alisema kuwanyang'anya watoto alama zao ni ukatili. Ilikuwa hoja ya kweli, na ilimuudhi Karne zaidi kwa kuwa ya kweli.

Mwenyekiti akafuta jasho kwa tai, akapata ufumbuzi. Majibu yote mawili yakubaliwe. Aliyeandika la kitini, amepata. Aliyeandika lile lingine, naye amepata, na kwa kuwa hao wa pili ni wachache sana, kuwatafuta hakutachukua hata nusu saa.

Mikono ikapanda. Karne aliitazama: makwapa yenye ramani za jasho, visiwa na mabara, na juu yake nyuso za watu waliofarijika. Chama cha mafundi, alifundisha miaka yote, ni umoja wa watu wa ufundi mmoja wanaolindana na kutunza siri za kazi yao. Kitini kilisema ni ugonjwa. Kwa dakika moja hakuwa na uhakika nani amekosea.

“Kwa hiyo Tauni Kuu ni ugonjwa,” alisema, “na pia ni askari wa Kijapani.”

“Kwa mwaka huu,” Mwenyekiti akajibu.

Azimio lilihitaji saini za shule zote nane. Bila ya nane, mwongozo wa zamani unabaki ulivyo. Karatasi ilizunguka, ikapata saini saba, ikamfikia Karne ikiwa na unyevu pembeni wa kidole cha mtu. Aliijua maana ya kukataa. Angetoka mule bwaloni akiwa ameshinda, kichwa juu, na Binti angekaa dawati lilelile mwaka mzima mwingine, akiimba na darasa la Fasta.

Aliishika kwa mikono yote miwili. Akaisoma kuanzia tarehe, kila mstari, kila nukta, dakika kumi na moja, Fasta akitazama saa na Mwenyekiti akimtazama Fasta. Alipofika mwisho akasaini, na ladha iliyomjia kinywani haikutoka hadi jioni.

*

Binti alipata hamsini na nne. Alisajiliwa. Karne alimpa habari wakiwa mezani, kwa sauti ya kusoma tangazo la msiba, na akamweleza jinsi alama zilivyopatikana.

“Na yule wa namba ya simu?”

“Naye kapata.”

Binti akasogeza sahani mbali. Akakaa akiitazama, mkono tumboni.

“Nasikia kichefuchefu.”

“Karibu,” Karne akasema.

Ijumaa baada ya shule waliitandaza karatasi ya kahawia, Karne akaleta mkasi. Binti akakata katikati, kutoka juu hadi chini, kati ya safu na safu. Akashika kipande cha kulia, akakishusha mstari mmoja, wakakibandika kwa gundi iliyokuwa nzito na ya manjano kama usaha; Karne aliipaka kwa kidole chake mwenyewe bila kusema kitu. Ukabaila ukakaa na ukabaila. Tauni ikapata viroboto wake. Khan akarudishiwa baraza lililomchagua, ngamia wakarudi jangwani, na baruti, baada ya miaka mingi ya kupokea simu, ikawa unga unaolipuka.

Juu kabisa kukabaki pengo. Zama za Kati, na mbele yake hakuna kitu.

Binti akalitoa sanduku chini ya kitanda, akaweka taipureta mezani, akaifuta mara mbili. Karne alikaa mbele yake kama alivyokaa msichana wa miaka ishirini na sita, na swali lilelile likaja likakaa naye. Kati ya nini na nini? Mtwana aliyeamshwa alfajiri akalime shamba la bwana hakujiona yuko katikati ya chochote, isipokuwa tope. Mwenye ngamia alihesabu visima. Askari wa Kijapani alinoa upanga wake, Mchina akatazama mbingu aone kama bado zinamtaka mfalme, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake, ndugu yangu, tuko kati. Waliosema hivyo walikuja baadaye, wakitazama kwao wenyewe, wakaweka uzio mbele na nyuma, na waliobaki wote duniani wakajikuta ndani ya uzio bila kuulizwa.

“Andika tu, Mamkubwa. Mstari ni mmoja.”

Alichapa kwa vidole viwili, kila k ikiruka. Zama za Kati: jina lililobandikwa baadaye, na watu wa mahali pamoja, juu ya miaka kama elfu moja ambayo walioiishi waliiita leo.

Binti alisema ni ndefu, haitaenea. Ilienea, kwa kubanwa, neno la mwisho likiwa limekanyaga ukingo.

Jumamosi asubuhi walimpelekea Mashine. Aliitazama, akauliza namba yake itakaa wapi sasa, maana pengo hakuna. Karne akamwambia jalada la nyuma ni lake lote, aandike hata ukoo wake. Mashine akaridhika. Akanyoosha mkono kuipokea karatasi, kidole kikaanza safari ya kwenda mdomoni kwa mazoea yake, na Karne akaivuta nyuma, akafungua kifuniko cha mashine, akafuta kioo kwa leso yake, akailaza karatasi mwenyewe.

Nakala ya kwanza ilitoka ya moto. Nyuma yao wanafunzi watatu walishapanga foleni na mtu mmoja aliyetaka picha za pasipoti. Karne aliikamata kwa mikono mitupu, akaanza juu kabisa.

“Imetoka sawa, mama?” Mashine aliuliza.

“Bado nasoma.”